Walioanguka Karthago



Nimeombwa niseme juu ya imani inayodumu. Twende Karthago, mji wa kale katika Tunisia ya leo. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu waitambikie miungu ya Roma, wapewe cheti. Wakristo wengi walitambika. Wengine walinunua cheti tu. (Sisi wa kadi ya chakula tunaijua thamani ya karatasi!) Askofu Sipriani alikuwa mafichoni.

Hatari ilipopungua, walioanguka walibisha hodi kanisani. Baadhi walisema wasipokewe kamwe, wengine wakataka waingie siku ileile. Mwaka 251 maaskofu walikutana, wakaamua watubu, kila mmoja kwa kadiri ya kosa lake. Wenye cheti tu walitangulia kupokewa. Sipriani, aliyelaumiwa kwa kukimbia, aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258.

Humu kambini wapo wasiokuja ibadani kwa sababu ya waliyoyasema au kuyatenda njiani. Wazee wa kanisa, wameshabisha hodi kwa nani? Tuanze kuwatembelea Jumapili hii, baada ya ibada.