Amani Kwanza, Ruzuku Baadaye

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa kamati za amani za mashinani

 

Kila tukikutana, swali la kwanza huwa lile lile: ruzuku za wafadhili zitafika lini? Ni swali la haki. Mzee anayekwenda kupatanisha familia mbili hulipa boda boda kutoka mfukoni mwake, na kikao cha siku nzima hakiendi bila chai. Lakini kabla ya kujibu, naomba tuanzie Wajir.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za Wajir zilikuwa zikipigana. Uhasama ukafika hadi sokoni, mama wa ukoo mmoja akawa hauziani na wa ukoo mwingine. Wanawake wachache, akiwemo mwalimu Dekha Ibrahim Abdi, waliamua kwamba soko litakuwa la wote. Waliunda kamati ya kulisimamia, kisha wakawaendea wazee na vijana. Mwaka 1993 wazee wa koo wakakubaliana Azimio la Al-Fatah. Mwaka 1995 kazi hiyo ikaingizwa katika kamati ya maendeleo ya wilaya, na wilaya nyingine zikaiga mfano huo. Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007.

Wafadhili walisaidia, lakini walikuta kazi imeshaanza. Kisa kilipotokea, wazee, viongozi wa dini, kina mama na maafisa wa usalama walifika pamoja kutuliza watu kabla ya kisasi. Safari kama hizo zahitaji gari na mafuta. Hapo ndipo ruzuku inapofaa.

Pesa hizo hizo zaweza kutugawanya. Wanakamati wakianza kumshuku mweka hazina, au ukoo mmoja ukihisi umetengwa, nani atatusikiliza tukienda kupatanisha wengine?

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, sajilini kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Pili, wekeni daftari: mgogoro ulikuwa upi, nani walikaa, walikubaliana nini. Mfadhili makini atataka kuliona. Tatu, pesa zikiingia, hesabu isomwe barazani: zilizoingia, zilizotumika na zilizobaki, risiti zikiwa mezani. Na wanaotia sahihi benki wasitoke upande mmoja.

Ambao hamjapata ruzuku, msiache kukaa na majirani zenu. Ruzuku ina tarehe ya kuisha. Siku hiyo ikifika, wafadhili wataondoka, nasi tutabaki tukichota maji kisima kimoja na kuuziana soko moja.