Barabara Ikifungwa, Nani Hulipa?

Nashukuru kualikwa, ingawa mimi ni mtu wa reli.

Jioni ya Ijumaa, 30 Juni 2023, lori lenye kontena liliacha njia penye njia panda ya Londiani, likawaparamia wachuuzi, matatu na watu wa bodaboda. Walikufa watu zaidi ya 50. Hao hawapigiwi hesabu ya shilingi. Habari yangu ni ya zile ajali zisizotangazwa, lori likilala ubavu na kuziba barabara ya Nakuru hata asubuhi.

Mnajua kuwa majani mabichi hayangoji. Yakibanana ndani ya lori hupata joto, huwa mekundu, wala hayatoi tena chai nzuri. Huku nyuma mchumaji amejaza kikapu, karani wa mizani yupo, lakini lori halijarudi. Kwa mtu wa kulipwa kwa kilo, mizani ikisimama na mshahara umesimama. Tajiri labda ana bima. Mchumaji ana nini?

Tena mtazameni dereva na taniboi wake. Wako wanaolipwa kwa safari. Wamekesha katika baridi ya Mau, na saa zile hazihesabiwi kuwa kazi. Barabara ikifunguka, dereva yule hajalala, naye ataka kufidia safari aliyoikosa. Anateremka milima kwa mbio. Basi foleni ya jana imezaa ajali ya leo. Kwa mawazo yangu hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Mtasema mtu wa reli ataisifu reli. Kweli, naisifu. Njia yetu ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, yapita Londiani, Kipkelion na Fort Ternan. Ilipotengenezwa upya, treni ya abiria ilirudi mwaka 2021. Kila kontena ipandayo behewa ni lori moja limepungua barabarani. Lakini reli haifiki kila kiwanda, kwa hiyo dereva atakuwapo.

Naomba tawi lenu, katika mapatano yajayo, lidai saa za kungoja barabarani zilipwe kama saa za kazi, na dereva aliyekesha asipewe usukani kabla ya kulala. Madereva, tokea leo andikeni katika daftari: tarehe, mahali, saa ya kusimama na saa ya kuondoka. Mpelekeeni katibu kila mwisho wa mwezi, ili matajiri wakiuliza hesabu aiweke mezani.