Kiingilio cha shabiki ni raketi ya mtoto

Ndugu msikilizaji, juma hili nakuomba tuliweke gozi la kabumbu pembeni kwa dakika chache. Najua ombi hilo ni zito katika nchi ya Simba na Yanga. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya tenisi, mchezo ambao kwetu wengi wanauhesabu kuwa ni wa wakubwa wenye kaptura nyeupe na magari yenye viyoyozi. Na sitazungumza sana juu ya mchezaji. Nitazungumza juu ya shabiki. Hoja yangu ni moja tu: shabiki si mtu wa kukaa na kupiga makofi. Shabiki ndiye anayemlea mchezaji, na mahali ambapo hajui kwamba analea, vipaji hufia njiani.

Tuanzie kwa jirani zetu wa Kenya. Mwezi Julai mwaka 2022, msichana wa Nairobi aitwaye Angella Okutoyi, umri wake miaka 18, alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili katika mashindano ya Wimbledon, Uingereza, akicheza bega kwa bega na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, na katika ngwe ya kuamua, inayochezwa hadi pointi kumi kwa tofauti ya mbili, wakapata 11-9. Hakuna Mkenya aliyewahi kabla yake kushika taji katika yale mashindano manne makubwa ya tenisi duniani, yaani ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani.

Habari hiyo niliisoma mimi mwenyewe katika taarifa ya michezo. Nilipewa nusu dakika, tena mwishoni, baada ya habari za usajili wa wachezaji wa mpira. Siwalaumu waliopanga taarifa, kwa sababu wao hupanga kile ambacho wasikilizaji hukiulizia. Hakuna aliyepiga simu kuulizia tenisi.

Sasa tazama msichana huyo alitoka wapi. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa yeye na pacha wake. Wakalelewa na bibi yao, aliyekuwa akifanya kazi ya usafi katika shule ya Loreto Convent Valley Road jijini Nairobi, nao wakaishi naye palepale katika nyumba za wafanyakazi. Shule ile ilikuwa na kiwanja cha tenisi. Watoto wale wakashika raketi wakiwa wadogo mno, kwa sababu kiwanja kilikuwa jirani na mlango wao na hakuna aliyewafukuza. Baadaye Angella akachukuliwa kwenda kufundishwa katika kituo cha vijana wa ukanda wetu kilichokuwa Burundi. Naam, Burundi, nchi ndogo kuliko baadhi ya mikoa yetu ukiiunganisha miwili, lakini imetoa mchezaji wa kulipwa, Sada Nahimana wa Bujumbura.

Lakini subiri, habari haijaishia hapo. Katika fainali ile ya mwaka 2022, upande wa pili wa wavu walikuwapo wasichana wawili wa Kanada. Mmoja wao aliitwa Victoria Mboko. Jina hilo si la kigeni masikioni mwetu, maana wazazi wake walihama kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siku ile Mboko alishindwa na Okutoyi. Miaka mitatu ikapita. Mwezi Agosti mwaka 2025, katika mji wa Montreal, Mboko huyo huyo, akiwa na miaka 18, alitwaa ubingwa wa Kanada wa wanawake wa kulipwa. Njiani aliwaangusha Coco Gauff na Elena Rybakina, na katika fainali akamshinda Naomi Osaka, na wote watatu ni mabingwa wa mashindano yale makubwa. Mwaka huo alikuwa ameuanza akiwa nje ya watu 300 bora wa dunia.

Na Okutoyi? Alipata nafasi ya kusoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na mwezi Machi mwaka 2024 aliiletea Kenya medali ya dhahabu ya Michezo ya Afrika huko Accra. Ni heshima kubwa. Lakini kati ya wasichana wale wawili waliokaribiana kiasi cha pointi mbili tu, mmoja leo ni tishio la dunia nzima, na mwingine bado anapanda kilima. Kila mwili una siri yake, na majeraha na bahati navyo vina sehemu yao. Hata hivyo liko jambo moja ambalo halina siri: nyuma ya Mboko kuna chama cha tenisi kinachoendesha mashindano makubwa kila mwaka, na mapato yake yanarudi kuwalea vijana. Mapato hayo yanatoka wapi? Sehemu yake ni mfukoni mwa shabiki.

Mwaka 2019 nilikuwa London kwa mafunzo mafupi ya kazi, nami nikasema sitaondoka bila kuiona Wimbledon. Nikapanga foleni. Msikilizaji, foleni ile ni somo la uraia. Watu wanalala na mahema katika bustani iliyo mkabala na uwanja. Ukifika, unapewa kadi yenye namba yako na namba hiyo ndiyo cheo chako. Hakuna mlango wa nyuma, hakuna "mimi ni mtu wa fulani". Yule ni mwalimu, huyu ni dereva wa basi, yule ni mstaafu aliyekuja na chupa yake ya chai. Klabu yenyewe ni ya wanachama wachache, ilianzishwa mwaka 1868, na mashindano yalianza mwaka 1877. Hata hivyo, wakubwa wale kila siku ya mashindano hutenga tiketi kwa ajili ya mtu aliyekuja na miguu yake akasimama mstarini.

Niliingia mchana, nikazunguka viwanja vya pembeni ambako mchezaji anapita karibu nawe kiasi cha kusikia pumzi yake. Jioni habari ikaenea kama moto wa kiangazi: mtoto wa miaka 15, Coco Gauff, amemwangusha Venus Williams, bingwa wa Wimbledon mara tano, 6-4, 6-4. Watu wasiojuana wakashikana mikono. Nikanunua stroberi zangu na krimu, ambazo bei yake haikupanda tangu mwaka 2010 hadi mwaka 2024. Mzee mmoja aliyesimama karibu nami ndiye aliyenieleza hesabu ya mambo: ziada ya mashindano yale, asilimia 90, hukabidhiwa chama cha tenisi cha Uingereza kwa ajili ya kuendeleza mchezo. Kwa hiyo stroberi niliyokuwa natafuna ilikuwa ni raketi ya mtoto fulani. Nikawaza: na sisi je, viingilio vyetu vinamnunulia nani raketi?

Swali hilo lilinirudia mwaka 2025, nilipokwenda likizo nyumbani Mlangali, wilayani Ludewa. Wanaojua Julai ya nyanda zetu hawahitaji kuelezwa. Baridi inamfanya mtu avae koti juu ya koti. Jumapili ya tarehe 13 vijana walikuwa wamejaa katika banda la video wakingojea fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, Chelsea na Paris Saint-Germain, ambayo kwa saa zetu ilikuwa ianze saa nne usiku. Nami nikamwomba mwenye banda atuwekee fainali ya Wimbledon iliyoanza saa kumi na mbili jioni. Akaguna, lakini akaiweka, kwa kuwa banda lilikuwa halina kazi.

Mwanzoni walicheka. "Kaka, hawa mbona wanahesabu kumi na tano, thelathini, halafu arobaini? Ile kumi na tano nyingine imekwenda wapi?" Nikaeleza nilichoweza: pointi nne hukupa gemu, gemu sita hukupa seti ukimzidi mwenzako kwa mbili, na wanaume hapo hutafuta seti tatu. Carlos Alcaraz wa Hispania akachukua ya kwanza, 6-4. Jannik Sinner wa Italia akajibu kwa seti tatu mfululizo, zote 6-4. Kufika seti ya tatu banda lilikuwa limegawanyika pande mbili, kelele kama za watani wa jadi. Nilipowaambia kwamba bingwa anaondoka na pauni milioni tatu, na kwamba hata anayefungwa mechi ya kwanza kabisa anapata pauni 66,000, pakawa kimya.

Ndipo binti wa mwenye banda, anayekusanya viingilio mlangoni, mwanafunzi wa sekondari, akaniuliza: "Mjomba, na hapa kwetu mchezo huu unachezewa wapi?"

Ndugu msikilizaji, swali hilo lilikuwa zito kuliko maswali yote ya hesabu. Tenisi yetu kwa miaka mingi imekaa ndani ya ua wa klabu, kama zile za Gymkhana za Dar es Salaam na Arusha. Wapo makocha na wachezaji wetu waliojifunza mchezo huu wakiokota mipira ya wanachama, wakashika raketi jua lilipokuwa linazama. Wameuheshimisha mchezo. Lakini mtoto wa Mlangali hana hata mahali pa kuokota mipira.

Hata hivyo nilimjibu binti yule, na jibu langu nalirudia leo hewani. Shule nyingi za msingi nchini zina kiwanja cha netiboli. Kiwanja cha netiboli kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Mistari ya kiwanja cha tenisi ina urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97. Fanya hesabu mwenyewe: kimoja kinaingia ndani ya kingine, na nafasi inabaki. Ni kweli kwamba kwa mashindano rasmi panahitajika nafasi kubwa zaidi nyuma ya mistari. Lakini mtoto wa darasa la tatu hachezi mashindano rasmi. Shirikisho la Dunia la Tenisi lenyewe, tangu mwaka 2012, linataka mashindano ya walio chini ya miaka kumi yachezwe kwa mpira mwepesi unaodunda polepole. Wavu, ambao katikati una urefu usiofika mita moja, kwa kuanzia unaweza kuwa kamba iliyofungwa kwenye miti miwili. Na asiye na mwenzake ana ukuta usio na dirisha, ambao haujawahi kuchoka kurudisha mpira.

Raketi ndiyo ngumu. Hapo ndipo shabiki anapoingia. Jioni ile nilihesabu vichwa bandani, nikazidisha kwa kiingilio cha shilingi mia tano. Jioni chache za namna ile, mwenye banda akikubali kutenga sehemu, zinanunua raketi mbili na mipira. Sisemi watu waache kutazama Ulaya. Natazama mimi pia. Nasema tu kwamba fedha yetu inavuka bahari kila mwisho wa juma kwenda kulea watoto waliokwisha kulelewa, wakati shilingi moja kati ya kumi ingeweza kubaki kijijini.

Na wewe wa mjini unayesoma maneno haya gazetini, kazi yako ni nyepesi zaidi. Kuna mashindano ya vijana yanayochezwa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi mbele ya viti vitupu. Nenda ukakae. Piga simu redioni uulize matokeo. Mhariri akiulizwa mara tatu, ile nusu dakika itakuwa dakika mbili, na mfadhili huenda mahali panapotajwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wimbledon imekuja hadi kwenye banda la Mlangali. Sasa na mwenyeji apone.