Ramani Mpya, Mitaa ya Kale: Hoja za Kupinga Michoro Isiyolingana na Mji wa Lamu



Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mada hii inashikilia kwamba nyumba mpya haifai kupingwa kwa sababu ya upya wake. Ipingwe pale ramani yake inapomdhuru jirani na kuvunja mpango wa mtaa.

1. Mpango wa nyumba ya Lamu

Nyumba ya kale hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Mgeni hupitia daka, yaani kibaraza cha mlangoni, kisha tekani, yaani ukumbi wa kuingilia, na kona ya mlango humzuia mpita njia kuona ndani. Kiwanda, yaani ua wa katikati, huleta mwanga na hewa, na huwapa wanawake wa nyumba nafasi ya kukaa bila kutazamwa.

2. Madhara ya michoro mipya

Kwanza, jengo la saruji linalopanda juu ya paa za jirani na kufungua madirisha kila upande hukifanya kiwanda cha mwenzake kuwa uwanja wa kutazamwa. Sitara iliyotunzwa kwa vizazi hupotea siku dirisha linapofunguliwa.

Pili, kuna kuta zinazogusana. Kuchimba msingi wa nguzo nzito kando ya ukuta wa matumbawe kunaweza kuupasua. Kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta huo hufungia unyevu na chumvi ndani, na ukuta huoza taratibu. Chokaa huuacha upumue.

Tatu, mlango wa nakshi uliobandikwa mbele ya jengo la ghorofa nyingi hauifanyi ramani hiyo kuwa ya Lamu. Kamati zinazopitisha ramani zisiridhike na pambo.

3. Hoja ya upande wa pili

Wenye nyumba wana haja ya kweli. Familia zimekua, warithi ni wengi, na matengenezo ya chokaa ni ghali. Hata marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 iliwagusa wakataji mikoko wa Lamu, wanaoleta boriti za dari. Kumwambia mtu asijenge bila kumwonyesha njia ni dhuluma.

4. Mapendekezo

(a) Kila ombi la ujenzi liambatane na mchoro wa mkato unaoonyesha nyumba za jirani, urefu wa paa zao na mahali pa viwanda vyao.

(b) Ramani ibandikwe mtaani, kwa Kiswahili, kabla ya kibali kutolewa. Sheria ya Kenya ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imezipa kaunti mamlaka ya vibali, na imetoa nafasi ya rufaa. Majirani waitumie kabla msingi haujachimbwa.

(c) Kaunti ipunguze ada kwa anayetengeneza kwa chokaa, na igharamie mafunzo ya mafundi vijana.

5. Hitimisho

Nawaomba wajumbe tusitoke hapa na lawama tupu. Tupitishe pendekezo la kwanza leo, kwa kuwa halihitaji fedha wala sheria mpya. Linahitaji tu kamati inayokataa kutia saini ramani isiyomwonyesha jirani.