Mapigo 48: Dawa za Moyo Mpakani Buteba



Swali nililopewa ni fupi. Mgonjwa ameandikiwa dawa ya moyo na anaimeza. Siku moja anapimwa presha kwa mashine ya betri, na chini ya zile namba mbili za presha inatokea ya tatu, ya mapigo ya moyo: 48. Jirani anashtuka na kumwambia moyo wake uko karibu kusimama. Je, ameze kidonge cha jioni, au akiache?

Namba hiyo peke yake haitoshi kutuambia kama mtu huyu anaumwa. Ila kuna jambo ambalo wengi hatuliulizi. Mapigo yakishuka hadi kumdhuru mtu aliyekuwa akiishi vizuri na dawa yake, mara nyingi dawa ile haikubadilika. Kuna kitu kimeongezeka juu yake. Na hapa Buteba, mpakani mwa Uganda na Kenya, vitu huongezeka kirahisi sana.

Kupunguza mapigo kwa dawa si jambo geni katika upande huu wa Afrika. Kati ya 1858 na 1863 daktari Mskoti John Kirk alisafiri na David Livingstone katika msafara wa mto Zambezi. Katika bonde la mto Shire wawindaji walipaka mishale yao sumu iliyoitwa kombe, itokanayo na mbegu za mmea unaotambaa. Kirk alikuwa na vielelezo vya sumu hiyo mfukoni, na mswaki wake ukakaa humo humo. Alipopiga mswaki akaonja uchungu, na alipojipima akakuta mapigo yake yameshuka. Huko Edinburgh, Thomas Fraser aliichunguza sumu ile na kupata kiini chake, strofanthini, ambayo madaktari wa Ulaya, hasa Ujerumani, waliwapa wagonjwa wa moyo kwa miongo mingi. Kirk mwenyewe ndiye yule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, wakati Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa. Vitabu vya shule humtaja kwa mkataba na kuusahau mswaki. Wawindaji wa Shire, waliojua mapema kuliko wote nguvu ya sumu yao, hawakuandikwa jina hata mmoja.

Ndugu wa strofanthini tunaye mpaka leo katika makabati ya hospitali zetu: digoksini. Asili yake ni jamii ya mimea ya Ulaya, ambayo mmoja wao daktari Mwingereza William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785, akionya kwamba kipimo kinachoponya na kinachodhuru vinakaribiana. Onyo hilo halijachakaa. Hapa kwetu wanaopewa digoksini si wazee peke yao. Wengi ni vijana, na zaidi wanawake, ambao homa ya baridi yabisi ya utotoni iliharibu vali za moyo, na sasa moyo unakwenda mbio bila mpangilio. Kwao dawa imetolewa makusudi ili mapigo yapungue. Mama wa namna hiyo akikuambia mapigo yake yametoka 130 hadi 70, mpongeze.

Kundi la pili ni kubwa zaidi, la beta-bloka: propranololi, atenololi, bisoprololi, karvediloli na wenzao. Ya kwanza kuenea, propranololi, ilitokana na kazi ya James Black katika miaka ya 1960, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1988. Dawa hizi huzuia moyo usiitikie kila amri ya adrenalini. Si presha tu inayofanya mtu aandikiwe. Yuko wa tezi ya shingo. Yuko mvuvi wa upande wa Majanji, ambaye kichocho kimemkakamaza ini na mishipa ya koo la chakula ikavimba. Huyu hupewa propranololi ili asitapike damu. Ukimwambia anatumia dawa ya moyo atakushangaa, maana anavyojua anaumwa ini.

Zamani madaktari waliamini kwamba moyo uliochoka usiguswe kabisa na beta-bloka. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake wa Göteborg, Sweden, waliripoti wagonjwa saba wa moyo uliotanuka ambao walipata nafuu kwa dawa hizo. Wengi hawakuwasadiki. Ilichukua takribani robo karne. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa bisoprololi uliohusisha wagonjwa 2,647 wenye moyo dhaifu; utafiti huo ulikuwa umesimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu tofauti ilikuwa dhahiri: waliopata dawa walikufa asilimia 11.8, na waliopata kidonge kisicho na dawa asilimia 17.3. Mapigo kushuka ni sehemu ya dawa hiyo kufanya kazi. Moyo ukipunguza mwendo hupata muda wa kujaa damu, na hata nyama yake yenyewe hulishwa zaidi wakati umetulia kati ya pigo na pigo.

Sasa ile 48. Vitabu husema mapigo ya mtu mzima aliyetulia ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Mpaka huo wa 60 ni wa kimazoea zaidi kuliko wa kimaumbile. Mkimbiaji aliyefanya mazoezi kwa miaka huwa na mapigo ya 40 na kitu, na anakushinda wewe na mimi kupanda Mwamba wa Tororo. Mtu akilala usingizi hushuka pia. Kwa anayetumia beta-bloka, 50 na kitu ni jambo la kawaida kliniki. Tunachouliza ni anajisikiaje. Anapika, analima, anafika kanisani au msikitini bila kuketi njiani? Basi 48 yake ni ya kuandikwa na kumwonyesha tabibu siku chache zijazo, bila kukimbizana usiku na bodaboda.

Halafu mashine nazo hukosea. Moyo unaporusha mapigo ya ziada, yale dhaifu hayafiki kwenye mkono, na mashine, pamoja na kile kibanio cha kidoleni, huweza kuhesabu nusu. Mtu wa 80 akasomeka 40. Kwa hiyo kabla ya hofu, keti dakika tano, weka vidole viwili upande wa kidole gumba kwenye kifundo cha mkono, uhesabu dakika nzima kwa saa. Usihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne. Kwa moyo usio na mpangilio hesabu hiyo hudanganya.

Kosa ninalolihofia kuliko 48 ni kuacha dawa ghafla. Mwaka ule ule wa 1975 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa wa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo walioacha propranololi kwa mkupuo, na wengine wakapatwa na shambulio la moyo. Mwili uliozuiwa kwa miezi huwa umeongeza masikio ya kusikilizia adrenalini. Ukiondoa kizuizi siku moja, moyo husikia kelele zote kwa pamoja. Kama dawa ni ya kuachwa, hupunguzwa kidogo kidogo, kwa kawaida wiki moja hadi mbili au zaidi, na anayepanga ni tabibu. Mwaka 2020, safari na mipaka ilipobanwa kwa sababu ya korona, tuliona jinsi mtu ambaye dawa yake iko upande wa pili anavyoweza kuikosa ghafla bila kutaka.

Hapo ndipo tunarudi Buteba. Mteso wa hapa na Mteso wa Amukura, upande wa Kenya, ni ndugu, na ugonjwa wa mmoja hutibiwa popote penye nafuu. Leo hospitali ya Masafu au Tororo upande wa Uganda, kesho Alupe au Kocholya upande wa Kenya, keshokutwa duka la dawa mjini Busia, upande wowote utakaokuwa na bei nzuri. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwaka 2018 kimerahisisha mzigo wa lori. Taarifa za mgonjwa bado zinasafiri katika daftari la kurasa arobaini na nane, na wengi wanayo mawili, la Uganda na la Kenya, yasiyojuana.

Chukua mfano wa mama wa miaka sitini. Ng'ambo ameandikiwa Concor. Huku amepewa vidonge vilivyoandikwa bisoprolol. Rangi mbalimbali, paketi mbalimbali, anameza vyote kwa utiifu mkubwa. Ni dawa moja, mara mbili. Au amepewa atenololi ya presha, na tabibu mwingine akamwongezea propranololi ya kutetemeka. Tazameni mwisho wa jina kwenye paketi: likiishia na olol, ni dawa ya ukoo wa beta-bloka. Katika ukoo huo yumo pia timolol, matone ya macho ya presha ya jicho. Mgonjwa hawezi kuyataja akiulizwa dawa za moyo, lakini tone hupita puani likaingia kwenye damu, na limewahi kuwaangusha wazee wengi duniani. Verapamili, ambayo nayo hutibu presha na moyo, ikikutana na beta-bloka huweza kushusha mapigo vibaya. Amiodaroni hali kadhalika.

Kisha kuna malaria, ambayo hapa haimngojei mtu amalize matibabu ya moyo. Kwinini huongeza kiwango cha digoksini katika damu, na pia huchelewesha umeme wa moyo kujipanga upya baada ya kila pigo, hatari inayokua mapigo yakiwa ya chini. Sisemi malaria isitibiwe. Nasema mgonjwa ataje dawa yake ya moyo kabla ya sindano, na muuguzi aulize hata kama foleni ni ndefu.

Kinachoongezeka si lazima kiwe kidonge. Figo ndizo hutoa atenololi na digoksini mwilini. Mtu akiharisha siku tatu, au kijana wa mashimo ya dhahabu ya Tiira akatoka jasho kutwa bila maji ya kutosha, figo hupunguza kazi, na dawa ya jana inakuwa bado imo mwilini wakati ya leo inaingia. Potasiamu hupanda, mapigo hushuka, figo hukosa damu zaidi, na kila kimoja humsukuma mwenzake chini. Kwa anayetumia digoksini pamoja na furosemidi ya kukojoza, potasiamu huweza kushuka badala ya kupanda, na hapo digoksini hugeuka sumu hata kwa kipimo kilekile cha siku zote. Dalili zake huanzia tumboni: chakula kinachukiza, kichefuchefu, kutapika. Wengine huona vitu vina rangi ya njano. Wangapi wamepewa dawa ya vidonda vya tumbo kwa ajili ya hayo! Wauguzi hufundishwa kupima mapigo kabla ya kumpa mtu mzima digoksini, na yakiwa chini ya 60 kumuuliza daktari kwanza. Mgonjwa wa nyumbani naye anaweza kufundishwa hivyo.

Nigusie dawa ya kuulia wadudu. Mkulima aliyenyunyizia bustani bila kujifunika, akaja anatokwa mate na jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo na mapigo yako 45, msikilaumu kidonge chake cha presha. Hiyo ni sumu ya shambani, na ni dharura.

Kuishi na mapigo ya chini kuna adabu yake ndogo ndogo. Wiki za kwanza uchovu na baridi ya vidole ni kawaida, na wengi huzoea. Amka kitandani kwa hatua: keti kwanza, kisha simama. Ukilima, usijipime kwa mapigo, maana dawa haiyaachi yapande. Jipime kwa pumzi, ukiweza kuongea huku jembe linakwenda uko salama. Mwenye kisukari ajue kwamba dawa hizi huficha mtetemo na moyo kwenda mbio sukari inaposhuka, ila jasho halifichiki. Akitokwa jasho la ghafla apime sukari, na kama hana kipimo anywe kitu chenye sukari.

Lakini kuzimia, au kukaribia kuzimia, kuishiwa pumzi ukiwa umekaa, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, au mapigo chini ya 40 kwa hesabu ya dakika nzima: hayo hayasubiri kliniki. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asiendeshe pikipiki mwenyewe, na asimeze dozi inayofuata kabla hajaonwa. Hospitali itamwekea kipimo cha umeme wa moyo. Wachache watakutwa na njia ya umeme iliyokatika ambayo dawa ilifichua tu, nao watahitaji kifaa cha kuongoza mapigo kinachopandikizwa kifuani. Kazi hiyo hufanyika katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago, na katika hospitali kubwa za Nairobi. Gharama yake kwa familia ya Buteba ni kubwa mno, na sitaificha kwa maneno matamu.

Mashine ya kipimo cha umeme wa moyo, kwa upande mwingine, si ghali hivyo. Nashindwa kuelewa jinsi tunavyogawa dawa za kubadilisha umeme wa moyo katika vituo ambavyo havina chombo cha kuutazama. Wakuu wa wilaya na wa kaunti mliopo hapa, hili liko ndani ya uwezo wenu.

Matabibu na wauguzi, nawaombeni jambo lisilohitaji bajeti. Mkiandika presha katika daftari, andikeni na mapigo kando yake, pamoja na tarehe, ili mwenzenu wa ng'ambo ajue 48 ya leo ilikuwa ngapi mwezi jana. Na ninyi wagonjwa, mkivuka mpaka kutafuta matibabu, bebeni madaftari yote mawili na dawa zenyewe zote katika mfuko mmoja, za presha, za ini, za malaria, za miti shamba, na yale matone ya macho.