Kitambaa Kimoja, Nyuso Kumi

Msikilizaji, alfajiri hapa Dodoma wazazi huwahi ofisi za Mtumba au meza zao Soko la Majengo, na mtoto hubaki kwa jirani anayelea watoto nyumbani. Mlezi huyo anabeba kazi kubwa kwa malipo madogo.

Wasiwasi wangu ni kitambaa. Mji una vumbi, maji ni ya mgao, na kitambaa kimoja hufuta nyuso kumi. Vikope, maradhi ya macho yanayoweza kupofusha, husambaa hivyo hivyo: kwa vidole, kwa nguo, kwa inzi wanaofuata tongotongo. Jirani zetu wa Kongwa waliifundisha dunia jambo hili. Utafiti uliofanyika vijijini mwao miaka ya 1990 ulionyesha kwamba dawa ya macho ikiambatana na kuhimiza watoto wanawe uso, vikope vikali hupungua zaidi kuliko dawa ikitolewa peke yake. Na kunawa hakuhitaji pipa. Kibuyu chirizi, yaani dumu, kamba na kijiti, hutumia maji kidogo sana.

Mlezi aombe pia kadi ya kliniki, aone chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18. Afisa ustawi wa jamii akipita, aanze kwa kumwelekeza, si kumtisha kwa kufungiwa.

Mtoto anayeharisha abaki kwao. Lakini abaki na nani, kama mama akikosa siku moja anakatwa mshahara? Swali hilo nawaelekezea waajiri.