Kanzu Nyeupe, Picha ya Kijivu

Msikilizaji, umempiga picha bwana harusi, kanzu nyeupe pepepe, lakini pichani imetoka kijivu. Kamera haijaharibika. Kipimo chake cha mwanga huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani. Kikikutana na weupe mwingi, hupunguza mwanga. Wewe uongeze: kwenye simu nyingi, gusa kioo penye uso wa bwana harusi, kisha telezesha kidole juu.

Usiku ukumbini ni kazi nyingine. Shata, yaani kilango cha mwanga, ya sekunde 1/30 huingiza mwanga takriban mara 4 ya ile ya 1/125, ila mcheza ngoma atatoka kama moshi. Ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, utapata chengachenga. Mimi huchagua chenga. Na mchana, jua likiwa la utosini? Mvute bwana harusi barazani, kivulini.